Dragon 32, kompyuta iliyotoka kwenye kiwanda cha magari ya kuchezea

Nimekaa hapa Swansea, Wales, mwaka wa sita sasa, nilikuja kusoma nikabaki kwa ajili ya kazi, na muda wote huo sikujua kabisa kama huu mji uliwahi kutengeneza kompyuta. Nilikuwa naujua kwa bahari yake, mvua yake na mpira, basi. Mpaka jumapili moja mwezi wa tisa nikaenda kwenye lile soko ambalo watu wanapaki magari uwanjani, wanafungua buti wanauza chochote kilichojaa stoo, nilikuwa natafuta koti la baridi la mwanangu, nikaona chini ya meza ya mama mmoja kitu cha rangi ya krimu iliyoanza kuwa njano, kibodi yake nene kama taipureta, pembeni kina trafo nzito kama tofali. Nikainama nikasoma. Dragon 32.

Yule mama akaona nimeganda pale, akaniambia hajaiwasha miaka mingi, ilikuwa ya kaka yake, halafu akaongeza kitu ambacho ndo kimenifanya niandike haya yote, akasema hiyo ilitengenezwa hapa hapa na mama yao alifanya kazi kwenye kampuni hiyohiyo, ila yeye alikuwa upande wa magari. Magari gani? Akanionyesha kwa vidole viwili, urefu wa kiberiti na ushee. Magari ya Corgi. Ya watoto kuchezea.

Nikatoa pauni kumi na tano nikaondoka nayo kwapani, na tangu siku hiyo mpaka leo naisoma hii kampuni kama mtu anavyosoma habari za ukoo wake.

Sasa twende taratibu maana inaanzia mbali kidogo. Kampuni mama iliitwa Mettoy. Ilianzishwa 1933 kule Northampton, Uingereza, na Philip Ullmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka uleule ambao Hitler aliingia madarakani, baadaye akaungana na Arthur Katz, na wote wawili walishafanya kazi ya midoli ya bati huko Nuremberg kwa hiyo hii biashara walikuwa wanaijua kuanzia kukata bati mpaka kupaka rangi. Baada ya vita kuu ya pili wakafungua kiwanda kikubwa Fforestfach, hapo pembeni tu ya Swansea, na 1956 wakaanza kutoa magari madogo ya chuma kwa jina la Corgi. Corgi ni mbwa wa Wales mwenye miguu mifupi, wale aliokuwa anawafuga malkia Elizabeth. Magari yao yalikuwa na vioo vya plastiki madirishani wakati ya wenzao yalikuwa na matundu tu, na mtoto akishaona gari lenye kioo ndo basi tena, lile lenye tundu halitaki. 1965 wakatoa Aston Martin ya James Bond, wakaipaka rangi ya dhahabu japo kwenye sinema ilikuwa ya fedha, ukibonyeza kitufe paa linafunguka na jamaa anarushwa nje na kiti chake. Hilo gari liliuzwa sana, sana. Krismasi ile Uingereza ilikuwa ni hilo gari.

Naomba hiyo Krismasi uishike, tutairudia.

Miaka ya 70 kwenda 80 mambo yakawa magumu. Uchumi wa Uingereza ulishuka, pauni ikapanda ikawa ghali kwa wanunuzi wa nje, viwanda vya midoli vikaanza kufungwa kimoja kimoja, na huku Wales kusini hali ilikuwa mbaya zaidi maana viwanda vya chuma navyo vilikuwa vinapunguza watu kwa maelfu. Na watoto wenyewe walishaanza kutaka vitu vya umeme, gemu za kushika mkononi, vitu vinavyolia na kuwaka taa. Halafu 1981 Clive Sinclair, mvumbuzi wa Kiingereza, akatoa kompyuta ya ZX81 kwa pauni 69.95, kadude kadogo keusi, kibodi yake ya kubonyeza kama plastiki ya microwave, na watu wakainunua kwenye maduka ya kawaida kabisa ya magazeti na vitabu. Yaani kompyuta ikawa kitu ambacho baba anapita dukani anamnunulia mtoto. Watu wa Mettoy wakaangalia wakasema, jamani, hii si kazi yetu hii? Sisi tuna kiwanda, tuna mashine za plastiki, tunajua kufunga maboksi, kila duka la Uingereza linatufahamu.

Na hawakukosea. Hapo mi nasimama nao kabisa.

Wakaunda tawi lao wakaliita Dragon Data, kwa ajili ya lile joka jekundu la kwenye bendera ya Wales, na Agosti 1982 Dragon 32 ikaingia madukani kwa bei ya chini kidogo ya pauni 200. Kwa kupima tu, Spectrum, kompyuta mpya ya huyo Sinclair, ile yenye memori ya kilobaiti 48 ilikuwa 175, na BBC Micro kubwa, kompyuta ya kampuni ya Acorn, ilikuwa 399. Kilichonivutia ni jinsi walivyoijenga. Hawakujaribu kubuni kila kitu upya, walichukua mchoro ambao Motorola wenyewe walishautoa kuonyesha namna ya kuunganisha chipu zao, prosesa ya 6809, yaani chipu inayofanya hesabu zote, chipu moja ya kupanga memori na nyingine ya kutengeneza picha, wakaufuata karibu mstari kwa mstari. Kampuni ya Kimarekani ya Tandy ilishafanya hivyohivyo kabla yao kwenye Color Computer yao ndo maana hizi mashine mbili ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, zinafanana sura lakini ukichukua programu ya huyu ukampa yule haiendi moja kwa moja, mpaka uirekebishe.

Kuna kitu kimoja kinaonyesha haraka waliyokuwa nayo. Mwanzo mashine ilipangwa iwe na kilobaiti 16 tu. Aprili 1982 Sinclair akatangaza Spectrum, na ile kubwa ina 48. Wangetoka na 16 kwa pauni 200 wangechekwa. Kwa hiyo wakaongeza memori dakika za mwisho, na zile Dragon za mwanzo kabisa ukizifungua unakuta kibao kidogo cha memori kimepandikizwa juu ya bodi kubwa, kama chumba cha uani kilichoongezwa baada ya nyumba kwisha. Yangu sio ya toleo hilo, niliifungua usiku uleule nikaangalia, lakini nimeona picha za zile na kusema ukweli kazi ilikuwa safi.

Tukirudi kwenye yangu. Niliichomeka haikuwaka. Kimya. Nikampigia mjomba wangu Morogoro kwa video, mjomba ni fundi redio tangu ujana wake, mkono wake umepita kwenye redio za nusu ya mtaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, vipi huko, mbona usiku?"

Nikamgeuzia kamera nikamwonyesha bodi. Akasogeza simu karibu na jicho, akanyamaza muda mrefu, halafu akaanza kuuliza kama daktari, trafo inatoa moto? ukigusa hicho kipande cha bati kinachokaa na regyuleta kinapata joto? hebu nusa, kuna harufu kama ya samaki? Kulikuwa na harufu. Akasema kapasita hizo mjomba, zile kubwa mbili, zimekufa zamani, usihangaike na chipu kabisa, mtu mwenye njaa humpimi akili mpe kwanza chakula. Nikaagiza kapasita, zikaja alhamisi, nikachomelea huku yeye anaangalia kwenye simu ananiambia punguza moto, punguza moto, utang'oa njia za shaba. Nikawasha.

Skrini ikawa ya kijani. Kijani kibichi cha jani la mgomba, na juu yake maandishi meusi, jina la Dragon Data Ltd na mwaka 1982, chini yake jina la Microsoft, halafu neno OK na kakisanduku kanakobadilika rangi kanasubiri. Mjomba akapiga kelele kule mpaka shangazi akaja kuona.

Halafu akaniuliza hii ni ya mwaka gani, nikamwambia 82, akasema 82 mi nilikuwa hapa hapa kibandani natengeneza redio za mkulima. Na ndo ikanijia akilini kwamba wakati watoto wa Swansea wanacheza na hii, kwetu Tanzania kompyuta ilikuwa marufuku kuingizwa nchini tangu 1974, baada ya ule mradi wa kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kuvurugika na kula hela. Mjomba ana miaka sabini na kitu, mikono yake ingeweza kuijua hii mashine ndani nje, na ameiona mara ya kwanza juzi kupitia kioo cha simu. Hilo limenikaa moyoni, nimeliandika tu hapa kwa sababu ni kweli.

Mnaopenda mambo ya ndani subirini kidogo niseme kuhusu hiyo 6809 maana inastahili. Inakwenda chini ya megahezi moja, 0.89, wakati Z80 ya kwenye Spectrum inakwenda 3.5, na watu wengi waliishia hapo wakasema Dragon ni taratibu. Lakini sio kulinganisha namba kwa namba, ni kama kulinganisha hatua za twiga na za kuku. 6809 ilikuwa inashika namba za biti 16 kwa mkupuo kwenye kazi nyingi, ina amri yake kabisa ya kuzidisha, kitu ambacho Z80 na 6502 ya kwenye BBC Micro hawakuwa nacho, ulikuwa unazidisha kwa kujumlisha na kusogeza biti mpaka uchoke. Na programu yake unaweza kuiandika ikakaa popote kwenye memori bila kuibadilisha. Waliowahi kuandika lugha ya mashine kwenye hiyo chipu wanaizungumzia kwa upendo mpaka leo, na nikisoma maelekezo yake naelewa kwa nini, imepangwa na mtu aliyefikiria yule atakayekaa kuandika.

Kulikuwa pia na ile namba ya siri, POKE 65495,0. Ukiiandika hiyo mashine inaongeza mwendo, kazi nyingi zinakwenda karibu mara mbili. Ila sio kila Dragon ilikubali, nyingine zilikuwa zinaganda hapohapo kwa sababu chipu zake hazikuvumilia, kwa hiyo mtoto alikuwa hajui ya kwake iko kundi gani mpaka ajaribu. Yangu imekubali! Nilipojaribu nilishika pumzi kabisa. Na lazima ukumbuke kuirudisha mwendo wa kawaida kabla hujarekodi kwenye kaseti, la sivyo unarekodi kitu ambacho mashine yenyewe baadaye haikielewi.

Kaseti sasa. Hapa ndo mtu yeyote aliyekulia na redio kaseti atajisikia nyumbani. Programu zote zilikaa kwenye kaseti zilezile za muziki, unaandika CSAVE na jina, unabonyeza rekodi, inapiga kelele kama nyuki kwenye debe, na ukitaka kuirudisha unaandika CLOAD unaombea. Sauti ikiwa ndogo inakataa, ikiwa kubwa inakataa, hedi ikiwa chafu inakataa, na ile ya kuingiza kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti kukaza mkanda uliolegea, hiyo hiyo. Nilisafisha hedi kwa pamba na spiriti kama tulivyofundishwa. Lakini Dragon ina kitu kimoja kizuri, kuna waya mwembamba unaoingia kwenye tundu la rimoti la deki, na ndani ya kompyuta kuna swichi ndogo ya umeme, kwa hiyo mashine yenyewe inaiwasha deki na kuizima inapomaliza. Unasikia tak, mkanda unaanza kuzunguka, unasikia tak, umesimama. Mwanangu ana miaka tisa, ameona simu, ameona tableti, vyote hivyo havimshtui, lakini hiyo tak ilimfanya arudi mara tatu kuomba nirudie.

Alichokipenda zaidi ni kwamba unaiandikia inakujibu papo hapo. CLS 3 skrini inakuwa ya bluu, CLS 4 nyekundu. Unaandika PLAY unaweka majina ya noti inapiga wimbo, unaandika CIRCLE unaipa kitovu na upana inachora duara unaona kabisa mstari unavyozunguka taratibu mpaka unakutana. Ile Commodore 64 iliyokuja kuuzwa kwa mamilioni haikuwa na amri za namna hiyo kwenye lugha yake ya BASIC, ukitaka duara ujipange mwenyewe. Dragon ilimpa mtoto duara kwa mstari mmoja. Na kibodi ni ya kweli, funguo zinazama na kurudi, unaweza kuandika barua nzima.

Basi ilikosa nini?

Ilikosa herufi ndogo. Nasema kweli. Kwenye skrini kila kitu ni herufi kubwa, na ile iliyotakiwa iwe ndogo inaonyeshwa kwa kugeuza rangi tu, kijani ndani ya kisanduku cheusi. Safu 32, mistari 16, basi. Hiyo inatokana na chipu ya picha ya Motorola, ndo gharama ya kufuata mchoro wa mtu mwingine. Kwa gemu haina shida, lakini fikiria mwalimu wa darasa la pili anayefundisha watoto kusoma, ataweka nini pale mbele? Na ndo kipindi ambacho serikali ya Uingereza ilikuwa inazisaidia shule kununua kompyuta, inachangia nusu ya bei, na mashine zilizochaguliwa zilikuwa BBC Micro ya Acorn, za Research Machines, na kwa shule za msingi wakaongeza Spectrum. Dragon haikuwemo. Kwa kampuni ya Wales iliyoajiri watu wa Wales, kukosa shule lilikuwa pigo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu shule ndo zinazokupa oda mwezi wa tatu na mwezi wa sita, wakati ambapo hakuna mtu anayenunua zawadi.

Pia upande wa picha, ukitaka rangi nne unapunguza ukali wa picha, na hizo rangi huchagui, zinakuja kwa mafungu, ama kijani, njano, bluu na nyekundu, ama lile fungu la pili lenye weupe na rangi kama ya chungwa. Gemu nyingi za Dragon ukiziona tu unazijua kwa rangi. Zilikuwepo nzuri, kampuni ya Microdeal kule Cornwall iliwategemea sana watu wa Dragon, ilikuwa na mhusika wake anaitwa Cuthbert aliyewekwa kwenye gemu kibao, na Chuckie Egg nayo ilifika. Lakini kadri miezi ilivyokwenda waandishi wa gemu walikuwa wanaandikia Spectrum kwanza, Commodore ya pili, Dragon ikibaki nafasi.

Sasa turudi kwenye ile Krismasi.

Kiwanda cha midoli kinaishi kwa kalenda moja. Mwaka mzima unatengeneza, unaweka stoo, unakopa benki kulipa mishahara, halafu mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili unauza karibu kila kitu na unalipa madeni. Mettoy walikuwa wameishi hivyo miaka hamsini. Dragon ilitoka Agosti, muda uleule ambao mtu wa midoli angeuchagua, ikaikuta Krismasi ya 1982 ikiwa na bei nzuri na maboksi yamejaa madukani wakati Sinclair anahangaika kutuma Spectrum kwa posta, watu wanangoja wiki na wiki. Iliuzwa mpaka kiwanda kikashindwa kuifikia kasi. Kwa macho yangu huo ndo ushindi wao na ndo walipokosea njia, maana waliamini mwaka ujao utakuwa vilevile, unatengeneza kilekile, unajaza stoo, unangoja Krismasi. Gari la James Bond la 1965 ukilitoa tena miaka mitatu baadaye bado mtoto analitaka. Kompyuta ya Agosti 1982 ikifika Agosti 1983 imeshakuwa ya mwaka jana.

Na pesa ya kungojea hiyo Krismasi haikuwepo. Mettoy yenyewe ilikuwa inazama kwa madeni ya upande wa magari, kwa hiyo ilibidi wauze sehemu kubwa ya Dragon Data kupata mtaji, wakaingia Prutec, ambao ni tawi la uwekezaji la kampuni ya bima ya Prudential, na Mamlaka ya Maendeleo ya Wales, Mettoy ikabaki na kahisa kadogo. Hapo mi naumia kila nikisoma. Walijenga kitu cha kuwaokoa, halafu ili kukijenga vizuri ikabidi wakiuze, na kilipofika mahali pa kuleta faida hakikuwa chao tena. Uzalishaji ukahamishwa kutoka Swansea kwenda kiwanda kipya Kenfig, karibu na Port Talbot, ukitoka kwenye kituo cha treni cha Port Talbot kwenda mashariki unapita Margam yenyewe mabomba ya kiwanda cha chuma yako upande wa bahari. Mi hiyo treni napanda kila mwezi kwenda Cardiff, nimepita hapo labda mara sabini bila kugeuza shingo.

Kiangazi cha 1983 mauzo yakaanguka. Sio ya Dragon peke yake, soko zima lilipoa, na wakubwa wakaanza kukata bei. Sinclair alishusha Spectrum ndogo mpaka 99.95 na kubwa 129.95. Fikiria wewe ni mzazi umesimama dukani, hii ya 130 ina gemu kibao, na ile ya bei ya juu ina gemu chache zaidi. Dragon wakaomba pesa tena kwa wenye hisa, wakapewa, wakatoa Dragon 64 yenye memori mara mbili na tundu la kuunganishia modemu, na diski zikaja, ila zilichelewa, mwaka mzima na zaidi watu walikuwa wameshakaa na kaseti. Kulikuwa pia na mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoitwa OS-9, ambao ulikuwa unaweza kufanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwenye kompyuta ya nyumbani, enzi zile! Nadhani hilo ndo jambo la fahari kuliko yote waliyofanya, na ni wachache sana waliolijua.

Mwezi wa kumi 1983 Mettoy ikafilisika. Ile kampuni ya Ullmann na Katz, miaka hamsini kamili. Upande wa magari uliokolewa na viongozi wake wenyewe, wakaununua 1984 na Corgi ikaendelea kuishi. Yaani aliyekuwa mgonjwa akapona na aliyeletwa kumtibu ndo akafa.

Kwa sababu Dragon Data haikuchukua muda. Kampuni kubwa ya umeme ya GEC ikaingia kusimamia na kuuza, mashine zikaanza kuitwa GEC Dragon, na kwenye maabara pale wahandisi walikuwa na vitu viwili vipya karibu tayari, mmoja wa biashara wenye diski za inchi 3.5 na modemu ndani kwa ndani, mwingine mkubwa zaidi wenye kilobaiti 128 ulioitwa Beta. Haikuuzwa hata mmoja. Mwezi wa sita 1984 wafilisi wakaingia Kenfig. Kutoka kuzaliwa Agosti 1982 mpaka hapo, haijatimia hata miaka miwili.

Upande wa Marekani habari ni fupi, kampuni ya Tano ya New Orleans ilipewa leseni ikaitengeneza huko kuanzia 1983, lakini kule ndugu yake wa Tandy alikuwa na maduka yake kila mji, hawakufika mbali.

Hispania ndo ilinishangaza. Mabaki ya Dragon Data yalinunuliwa na kampuni iliyoitwa Eurohard, wakabeba mashine na vipuri na haki zote mpaka Casar de Cáceres, mji mdogo kwenye jimbo la Extremadura, moja ya majimbo maskini ya Hispania wakati huo, serikali ya jimbo ikasaidia kwa sababu ilitaka kazi kwa vijana wake. Sababu ileile ya Wales. Wakatoa Dragon 200, bodi ni ileile ya 64 ndani ya boksi lenye sura mpya, na nyingine yenye herufi za Kihispania, ile ñ yao na alama zao, na hiyo ikaweza mpaka herufi ndogo za kweli. Yaani kile kilichowanyima shule za Uingereza kilikuja kurekebishwa Extremadura, soko likiwa limeshapita. Miaka michache baadaye nao wakafunga.

Waliokuwa nazo hawakuziacha. Jarida la Dragon User liliendelea kutoka mpaka 1989, miaka mitano baada ya kampuni kufa, na leo kuna emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, inaitwa XRoar, unaweza kuiweka kwenye laptopu yako ukaona hiyo skrini ya kijani bila kutafuta kapasita.

Jumamosi iliyopita nilimpigia mjomba tena, nilitaka asikie. Mwanangu alikuwa ameandika programu yake mwenyewe, mistari kumi na moja, inauliza jina halafu inachora maduara na kupiga noti kama ni la mtu anayemjua. Tuliirekodi kwenye kaseti niliyotoka nayo nyumbani, upande A una dansi la zamani, upande B ulikuwa mtupu nusu. Nikaweka simu kwenye spika nikaandika CLOAD. Tak, ikaanza kulia.

Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo hedi yako bado imekaa upande kidogo mjomba, nasikia, izungushe ile skrubu robo. Nikaizungusha, kweli ikawa safi zaidi. Halafu akauliza, "Hao waliotengeneza hii kitu, wako wapi sasa?"

Nikamwambia wengi watakuwa hapa hapa, Swansea na Port Talbot, watu wa miaka sitini na sabini.

"Sasa unanipigia mimi wa nini? Watafute hao."

Kesho yake ilikuwa jumapili. Nikarudi pale uwanjani kumtafuta yule mama wa meza, alikuwepo, nikamwambia mashine inawaka, akaweka chini kikombe chake cha chai akaniambia nirudie. Nikarudia. Mama yake yuko hai, anakaa na dada yake upande wa Morriston, ana miaka themanini na nne. Tumepanga jumatano. Nabeba mashine, deki na ile kaseti, na mwanangu ameomba ruhusa ya kuja kwa sababu programu inauliza jina na yeye anataka yule bibi aweke la kwake mwenyewe.